Mvi Zinapokuwa Hatia

Katika riwaya ya Ernest Hemingway iliyotoka mwaka 1952, mvuvi mzee Santiago akaa siku 84 bila kupata samaki. Ni mpweke, lakini yuko kijana amjuliaye hali na kumletea chakula. Wazee waliokimbilia Kaya Godoma, huko Ganze, Kilifi, walikosa hata huyo. Waliwakimbia jamaa zao wenyewe, wakihofia kuuawa. Mvi zao zilifanywa ushahidi wa uchawi. Na mara nyingi, ndugu msomaji, nyuma ya tuhuma lipo shamba linalongojewa kurithiwa. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanunua unga. Hazimrudishi mzee kwake, kwani shamba lipo na wanaolitaka wapo.