Umetumwa na Nani?

Droni yangu ya kwanza ilianguka juu ya bati la shosho mmoja huko Lindi, Kibera, Jumapili moja asubuhi, wakati watu wengi walikuwa kanisani. Ilikuwa imekaa hewani sekunde arobaini hivi. Nilikimbia vichochoroni nikiruka mitaro, rimoti ikining'inia shingoni, na nilipobisha mlango nilikuwa na mia mbili mkononi, maana nilikuwa na hakika bati limetoboka. Shosho akafungua. Akaiangalia rimoti, akaniangalia mimi. Habari ya bati hakuuliza.

"Umetumwa na nani?"

Nikacheka kicheko cha aibu. Nikamwambia, shosho, sijatumwa na mtu, mimi ni wa hapa hapa, nakaa Makina, hiki kidude nimekiunganisha mwenyewe na bado najifunza. Akasikiliza yote hadi mwisho. Kisha akarudia swali lile lile, polepole, kama mzazi anayempa mtoto nafasi ya pili ya kusema ukweli.

Naandika haya kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu nimechoka na watu wa aina mbili: wale wanaorusha droni juu ya mtaa wetu kisha wanapotea, na wale wanaodhani dawa yao ni kumfungia kijana wa mtaa asirushe kabisa.

Kama hujawahi kukaa Kibera unaweza kusema shosho ni mtu wa zamani tu, anaogopa teknolojia. Wacha hizo. Shosho anaijua teknolojia kuliko wewe. Anajua kwamba kitu kinachoangalia paa lako kutoka juu kinapima, na kikishapima, kinachofuata ni kubomoa. Tarehe 23 Julai 2018, Jumatatu asubuhi na mapema, matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walilala bila nyumba siku hiyo. Shule nazo ziliangushwa, katikati ya muhula. Kabla ya tingatinga kuna watu wenye vifaa vya kupimia, kuna karatasi za kuhesabu nyumba, kuna alama ukutani. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi na ninachokumbuka zaidi ni vumbi. Yeye anakumbuka zaidi ya vumbi, kwa sababu nyumba yake ya awali ilikuwa ndani ya ule mstari.

Kwa hivyo hakuwa ananitukana. Lilikuwa swali la mtu mwenye uzoefu.

Na wale wanaokuja na kamera? Picha ya mabati yenye kutu, iliyopigwa kutoka juu, imekuwa kama nembo yetu. Utaiona kwenye jalada la ripoti, kwenye tangazo la kuomba michango, kwenye video ya msanii anayetaka tuamini ametoka mtaani. Kuna ile nyingine ya kugawa dunia katikati: upande huu uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, kijani kibichi, upande ule Kibera, kahawia. Johnny Miller, mpiga picha aliyeanza mradi wake wa Unequal Scenes huko Cape Town mwaka 2016, aliipiga hiyo kwa droni na ikazunguka. Ni picha kali, na haidanganyi. Lakini kutoka urefu ule mtu ni nukta tu, na nukta haina la kusema.

JR, yule msanii Mfaransa, angalau alianzia chini. Mwaka 2009 alifunika mabati ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapa, zilizochapwa kwenye turubai isiyopitisha maji, kwa hivyo mvua ilipokuja paa lilikuwa limefaidika. Hiyo naiheshimu. Mwaka huo huo vijana 13 wa Kibera walishika vifaa vya GPS wakaanza kuchora mtaa wao, kazi tunayoijua kama Map Kibera. Kabla ya hapo ramani rasmi ilikuwa inaonyesha msitu. Msitu! (Ni kweli jina lenyewe, Kibra, ni la Kinubi na maana yake ni msitu, lakini jamani, miti iliisha lini?) Walitembea kwa miguu, njia kwa njia, choo kwa choo, zahanati kwa zahanati. Na hata kama ramani ilikukosea, mchoraji wake ulijua mlango wake.

Sasa mimi. Nilijifunzia Kawangware, kwa sababu beste yangu ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na steji ya 46, na ana chuma kizuri cha kulehemu. Droni niliinunua ikiwa maiti, elfu sita kwa awamu, kutoka kwa jamaa aliyeiangusha akakata tamaa: fremu ya inchi tatu, mota mbili zimekufa, bodi nzima. Mota nyingine tulizitoa kwa maiti ya pili. Waya na plagi tulienda kutafuta Luthuli Avenue.

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kutoa propela. Usichomeke betri ukiwa mezani propela zikiwa zimefungwa, hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na uhakika. Vimota hivyo vinazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na beste yangu ana kovu kwenye kidole gumba ambalo humwonyesha kila mgeni kabla ya kumpa kiti. Kisha mwelekeo. Mota mbili zinazunguka kama mshale wa saa, mbili kinyume, na zile zinazotazamana pembe kwa pembe zinakwenda pamoja. Ukikosea moja, droni haipai, inapinduka papo hapo kama mende aliyepuliziwa dawa. Mota zangu zilikuwa sawa, ila propela ya kulia niliifunga kushoto, na nikapoteza Jumamosi nzima nikilaumu bodi.

Betri ndiyo iliyonitia adabu. Seli moja ya betri hizi za lithiamu ikijaa inasoma volti 4.2. Ukiimaliza kupita kiasi inaharibika, inavimba kama andazi, na ikitobolewa inawaka moto usiozimwa kwa kikombe cha maji. Kila mtu aliyekulia nyumba za mabati na mbao anajua moto unavyohama kutoka kwa jirani hadi kwa jirani kabla hujapata viatu. Kwa hivyo tunachajia nje, juu ya tofali, na mtu amekaa hapo hadi ijae. Haendi chooni, hatafuti chai. Nikisikia watu wanasema vijana wa mtaa hawawezi kuaminiwa na vitu hatari, huwa nawaza kuhusu lile tofali.

Kurusha kwenyewe nilianza bila droni: wiki sita kwenye programu ya mazoezi, rimoti imechomekwa kwenye laptopu kuukuu, maana huko kuanguka ni bure. Halafu ukumbi wa kanisa, ambao pasta alituachia Jumamosi mchana kwa sharti kwamba tufagie. Kazi ilikuwa kuelea tu. Urefu wa kiuno, mkia ukikuelekea, dakika tatu bila kuhama sehemu. Ukiweza hilo, unaigeuza ikutazame, na hapo ndipo kichwa kinapogoma: kushoto kwake sasa ni kulia kwako. Ndicho kilichonimaliza Lindi. Upepo uliisukuma ikageuka, mimi nikavuta upande niliouzoea, nayo ikaenda kwa shosho.

Sikupaswa kuwa Lindi. Nasema mwenyewe kabla hujanisemea.

Hebu basi tuzungumzie nilipopaswa kuwa. Kanuni za mwaka 2017 Bunge lilizitupilia mbali 2018, na kwa muda ikawa droni ni kama bangi, ipo lakini haisemwi. Kanuni za 2020 zilifungua mlango. Mamlaka ya Usafiri wa Anga inataka chombo kisajiliwe, mwenyewe awe ametimiza miaka 18, uwe na kibali cha kukiingiza nchini, usipite futi 400, na usikaribie watu wala majengo yasiyo yako chini ya mita 50 bila ruhusa. Ukisoma ukiwa ofisini, kila kipengele kina akili. Sasa toka nayo nje, uje Gatwekera, unitafutie mita 50 zisizo na mtu wala nyumba. Mita 5 nitakununulia soda.

Isitoshe, kanuni hizo hizo zinakutaka ukae mbali na viwanja vya ndege, na Wilson iko kilomita kama tatu tu kutoka Kibera. Hapo siwezi kubishana na sababu. Ndege ndogo za Wilson zinapita juu yetu kila siku na aliye ndani ana haki ya kufika kwake. Ninachobishana nacho ni kwamba hakuna aliyekaa chini akauliza: je, yule asiye na ua ajifunzie wapi? Toka Kawangware uvuke uingie Lavington, utakuta nyumba zenye bustani kubwa kuliko ploti nzima ya vyumba ishirini. Mtoto wa pale anajifunza nyuma ya nyumba yao, kwa ruhusa ya babake, na hata akivunja sheria nani atamwona? Mimi nikitoa kichwa nje ya keja nimeshaingia kwa jirani. Nilipoulizia ada ya leseni katika chuo kimoja, niliambiwa laki moja na ushee. Mathe anauza mboga. Tulicheka mimi na yeye hadi majirani wakauliza kuna nini.

Matokeo yake yaangalie vizuri. Anayeweza kurusha droni juu ya Kibera kihalali ni kampuni au shirika lenye mtu wa kufuatilia vibali, yaani yule yule ambaye shosho ana sababu ya kumwogopa. Anayejua nyumba ipi ina mgonjwa, bafu lipi halina paa, na mzee yupi wa kijiji aombwe ruhusa kwanza, huyo ndiye mhalifu. Sheria ya usalama imegeuka kuwa sheria ya nani ana doo.

Na nyinyi wasee wangu, msipige makofi bado. Kuna wenzetu wamepata droni za kujiendesha zenyewe, bonyeza kitufe inapaa, bonyeza kingine inarudi, na hawajui hata mota inazunguka upande gani. Wanarusha mchana juu ya ploti ambazo bafu zake ni mabati manne na anga. Dada wa watu ameshika sabuni, anasikia mlio kama wa nyigu, anainua macho. Halafu unaniambia hiyo ni kontenti? Ukishamfanyia hivyo, usije kulalamika kwamba mtaa unakuita jasusi. Ni noma. Mimi sikumpiga shosho picha akioga, lakini sikumwomba ruhusa pia, na kwake tofauti kati yetu haikuonekana mapema.

Ninachotaka si kikubwa. Uwanja mmoja, tuseme Kamukunji hapo Kibera, saa mbili za Jumapili asubuhi, urefu wa paa mbili, droni nyepesi zisizofika gramu mia mbili na hamsini, na wenye mnara wa Wilson wakiwa wamejulishwa kwamba tuko pale na tutaondoka saa ngapi. Mtu mzima wa mtaa atie sahihi. Ada ya usajili wa mwanafunzi iwe kitu ambacho muuza mboga anaweza kulipa bila kucheka. Na picha yoyote iliyopigwa juu ya kijiji fulani, iwe yangu au ya shirika au ya serikali, ioneshwe kwanza katika kijiji hicho, kwenye ukuta wowote mweupe, kabla haijaenda popote.

Hili la mwisho sikulitoa kichwani. Nililipata siku ile ile, nikiwa nimesimama mlangoni kwa shosho na mia mbili yangu. Kijana wa jirani alikuwa ameshapanda akaishusha droni, propela mbili zimevunjika, bati zima. Shosho akasema kama kweli sijatumwa, nimwonyeshe nilichokuwa nachukua. Nikatoa kadi kwenye kamera nikaichomeka kwenye simu. Sekunde arobaini. Mabati, nguo zimeanikwa, reli, mabati tena, kisha ile lami pana ikikata katikati. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaniambia nisimamishe.

Akaweka kidole juu ya lami. "Hapa," akasema. "Jiko lilikuwa hapa. Mlango uliangalia huku."

Tukakaa kidogo. Akauliza picha hii inakaa wapi. Nikamwambia iko kwenye hii kadi, shosho, hakuna mahali pengine. Akanyosha mkono, na nikaitoa nikampa.