Chuo si Foleni ya Shahada: Rai kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwaka wageni wanapowasili chuoni na masanduku yao, hupokewa kwa nasaha za kila aina. Wenyeji wa bweni humwambia mgeni ni mkahawa upi unaouza maharagwe ya bei nafuu, ni mhadhiri yupi asiyechukua mahudhurio, na ni kioski kipi kinachouza muhtasari wa mihadhara ya miaka iliyopita. Nasaha hii ya tatu ndiyo inayofuatwa kwa uaminifu mkubwa zaidi. Kabla hajaijua njia ya maktaba, mgeni huwa amekwisha kuijua njia ya kioski cha fotokopi. Siku hizi hata mwendo huo umefupishwa, kwani muhtasari uo huo husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na anayeupokea hana haja hata ya kuvaa viatu.

Sikusudii katika makala haya kumkaripia mtu yeyote. Wahadhiri wetu wamekwisha kulifanya hilo kwa ufasaha, na mkaripiwa hajabadilika. Dai langu ni jingine. Naona kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, pengine kuliko mwanafunzi wa taaluma nyingine yoyote, huishi kwa miaka minne juu ya hazina asiyoigusa, kisha hukabidhiwa shahada na kuondoka. Chuo ndipo mahali pekee, na miaka hii minne ndiyo muda pekee, ambapo msemaji wa Kiamu, kamusi ya mwaka 1882 na msomaji wa rasimu yako ya kwanza hupatikana katika uwanja mmoja, bila ada ya ziada. Ukishatoka nje ya lango, kila kimoja kati ya hivyo kitakugharimu nauli, ruhusa au ujasiri.

Tuanze na binadamu, maana ndio tunaowapuuza zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anapokutana na Al-Inkishafi, au na Utendi wa Mwana Kupona uliotungwa mwaka 1858, kinachomkwaza kwanza si falsafa bali msamiati. Anakuta ndia mahali alipotarajia njia, mato mahali pa macho, na nti mahali pa nchi. Afanyeje? Ananunua orodha ya maneno na visawe vyake, anaikariri usiku wa kuamkia mtihani, na kufikia Jumatatu ifuatayo amekwisha kuisahau. Ilhali katika chumba cha pili kutoka chake analala kijana wa Lamu ambaye kila jioni huzungumza kwa simu na nduguze kwa lugha iyo hiyo. Huyu akitaka kumwita mdogo wake husema ndoo, na mwisho wa mwezi hulalamikia ndaa kama sisi sote tunavyoilalamikia njaa.

Nusu saa ya mazungumzo na kijana huyo ingemwonyesha mwenzake kwamba lililo mbele yake si orodha bali ni kanuni: penye nj katika Kiswahili sanifu, Kiamu aghalabu kina nd, penye ch, aghalabu kuna t, nayo j ya jua hugeuka y, ikawa yua. Akishaitambua kanuni hiyo, orodha haimfai kitu tena, na somo la fonolojia alilodhani ni adhabu kutoka kwa Idara linakuwa jambo alisikialo kwa masikio yake mwenyewe. Ni vivyo hivyo kwa aliye na jirani kutoka Vanga anayekijua Kivumba, au kutoka visiwani kaskazini mwa Lamu anayezungumza Kibajuni, ambacho vitabu vyetu hukiita Kitikuu. Lahaja hizi tunazitaja kwenye mitihani kama majina ya mito: iko wapi, inapakana na nini. Wasemaji wake tunapanga nao foleni ya chakula.

Wala utajiri huu si wa watu wa pwani peke yao. Tunafundishwa kwamba Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa kutumia ki- na vi-, kama katika kitoto na vitoto. Mwanafunzi Mkikuyu aliyeketi katika safu ya mbele anaijua ngeli nyingine kamili ya udogo, ya ka- na tu-, anayoitumia kila anapomtaja mtoto mdogo kwa lugha ya mama yake. Katika darasa moja la isimu linganishi la chuo cha Kenya mna lugha za Kibantu za kutosha kuandikia sura nzima ya kitabu, mbali na wenzetu Wajaluo na Wakalenjin ambao lugha zao hazina hata fununu ya upatanisho wa ngeli tulio nao, nao kwa hiyo huuona ugumu wake mahali ambapo sisi wengine hatuuoni. Nani amewahi kuwauliza? Tunasubiri mhadhiri atuletee mifano ya lugha tusizozijua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatuulizani, na sababu ninazoziona ni mbili, zote za aibu. Mwanafunzi wa bara huona haya kudhihirisha kwamba hajui. Yule wa pwani naye huona haya ya aina nyingine, iliyo chungu zaidi: tangu shule ya msingi amekuwa akipigiwa mstari mwekundu chini ya maneno ya nyumbani kwao na kuambiwa kwamba hayo si Kiswahili. Afikapo chuoni amekwisha kujifunza kuificha lahaja yake kama anayeficha kiraka cha suruali. Huyu anastahili kukumbushwa historia ambayo sote tunaisoma bila kuizingatia. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano uliofanyika mwaka 1928 mjini Mombasa kwenyewe, kitovu cha Kimvita, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala, wenye manufaa yake. Haukuwa hukumu kwamba Kimvita au Kiamu ni makosa. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kisichoweza kumfanya msemaji wa Kiamu ajivunie ulimi wake mbele ya wenzake, sijui kimeundwa kwa minajili gani.

Na kwa kuwa nimekitaja chama, niseme pia kwamba nimehudhuria mikutano ya vyama vya Kiswahili ambamo kumbukumbu zilisomwa kwa Kiswahili sanifu kisha ubishi wote, hasa ule wa fedha, ukafanywa kwa Kiingereza. Silaumu Sheng, na hapa huenda baadhi ya wasomaji wasikubaliane nami. Sheng ni data. Ireri Mbaabu na Kipande Nzuga waliitungia kamusi iliyochapishwa mwaka 2003, na mwanafunzi wa isimujamii anayeizungumza bila kuichunguza anapoteza utafiti wa bure. Ninachokilalamikia ni kwamba hoja nzito, ile inayohitaji mtu akasirike kwa mpangilio, hatuifanyi kwa Kiswahili. Atakayekwenda kukifundisha anahitaji kuwa amewahi kubishana nacho, kutania nacho na kuombea radhi nacho. Mambo hayo hayamo katika muhtasari wowote unaouzwa.

Kuhusu maktaba sitasema mengi, kwani wengi wamekwisha kusema. Nitataja rafu moja tu, ile ya vitabu vikongwe ambayo mkutubi huifuta vumbi kwa ajili ya wageni. Kamusi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa kuwa aliishi Mombasa na Rabai, aliyoyanasa kwa wingi ni matamshi ya Kimvita. W. E. Taylor naye alichapisha mkusanyiko wake wa methali za Waswahili mwaka 1891. Kuna atakayeniambia kwamba vitabu kama hivyo siku hizi hupatikana bure kwenye intaneti. Ni kweli, na ni heri. Lakini kwenye intaneti hakuna mhadhiri wa fonolojia ambaye ofisi yake iko hatua mia moja kutoka ulipo, anayelipwa ili ajibu swali lako, na ambaye, nawahakikishia, huketi saa nzima za mashauriano bila mlango kubishwa ila wiki ya matokeo.

Sasa tuje kwenye uandishi. Mwaka 1958 wanafunzi na wahadhiri wa Idara ya Kiingereza ya Makerere walianzisha jarida dogo lililoitwa Penpoint. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka 2025, alichapisha humo hadithi zake za kwanza akiwa mwanafunzi. Mwaka 1962 tamthilia yake ilichezwa katika ukumbi wa taifa mjini Kampala, naye hakuwa amehitimu. Kwa upande wa lugha yetu, Euphrase Kezilahabi alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na Rosa Mistika ikachapishwa mwaka 1971. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Riwaya haiandikwi, ikasomwa na mchapishaji na kupigwa chapa kati ya mahafali na Krismasi. Ebrahim Hussein vilevile alikuwa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho huko huko Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na Kinjeketile ikachapishwa mwaka 1969.

Sisemi kwamba kila mmoja wetu ni Kezilahabi. Ninalolisema ni kwamba watu hawa walikuwa na kitu ambacho hata sisi tunacho: wasomaji wa karibu, wa rika lao, wasioogopa kuwaambia kwamba ukurasa wa tatu unachosha. Mwandishi anayeishi peke yake mjini hulipa fedha ili apate msomaji wa namna hiyo, na aghalabu hampati. Nasi tunafanyaje? Mhariri wa jarida la wanafunzi akitoa wito wa makala, hupokea kazi za darasa zilizobadilishwa vichwa, na tangu zije programu za akili unde (akili mnemba, kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania) hupokea pia tahakiki laini zisizo na kosa wala mtu ndani yake. Zamani aliyetaka njia ya mkato alijiandalia mwakenya, kijikaratasi kilichoazima jina la vuguvugu la kisiasa la siri la miaka ya 1980. Angalau mwakenya uliandikwa kwa mkono, na aliyeuandika alijikuta amejifunza mawili matatu kwa bahati mbaya.

Tafsiri nayo imesahaulika. Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza, na mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunazipigia makofi habari hizi. Lakini chukua maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya mifugo, au fomu yoyote ya kaunti, ujaribu kuyaweka katika Kiswahili ambacho mama yako atakielewa. Jaribio hilo hufunua mara moja nani alisoma Kiswahili na nani alisoma tu kukihusu. Anayetafsiri ukurasa mmoja kila wiki atakuwa na zaidi ya kurasa mia kufikia mahafali, nazo ni ushahidi wa kumwonyesha mwajiri.

Najua jibu litakalotolewa. Mwanafunzi wa leo ana njaa. Mkopo wa HELB huchelewa, karo ina madeni, na wapo wanaouza mitumba na mandazi bwenini, au kusuka wenzao nywele hadi usiku wa manane ili wapate kodi. Kumwambia mtu kama huyo anufaike na maisha ya chuo kunaweza kuonekana kejeli. Hoja hii siipuuzi. Ndiyo nzito kuliko zote, na chama chochote cha wanafunzi kinachoandaa safari ya kongamano bila kumfikiria asiye na nauli kinastahili lawama. Hata hivyo, nilivyovitaja havina bei. Jirani wa Lamu halipishi. Msusi aliye na mteja mbele yake kwa saa nne anasikia masimulizi, vitendawili na misemo kuliko mtafiti mwenye kinasa sauti. Anayenisikitisha zaidi si huyu, bali ni yule mwenye nafasi na fedha aliyeamua kwamba shahada ya ualimu ni tikiti ya kuingilia foleni ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, na kwamba yaliyo kati ya tikiti na foleni hayamhusu. Foleni hiyo ni ndefu. Wapo waliohitimu zamani ambao wangali wanasubiri, na aliye na shahada pekee hana cha kufanya anaposubiri.

Basi mkutano ujao wa chama na uwe na ajenda moja isiyo ya fedha: kila lahaja na kila lugha iliyomo chamani ipewe jioni moja, mwenyewe azungumze, wengine waandike. Nao watakaopelekwa mazoezi ya kufundisha muhula ujao huko Kwale, Lamu, Bungoma au Makueni wabebe daftari la pili, lisilo la maandalio ya somo, waandike humo wanayoyasikia sokoni na kwenye chumba cha walimu, tarehe na mahali vikiwemo. Wengi wao watahitaji mada ya tasnifu wakirudi.