Nyonga Isiyouma Nayo Inastahili Kuangaliwa

Mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga hufurahia mambo mawili makubwa: kulala usiku kucha bila maumivu, na kutembea bila kumwegemea mtu. Furaha hiyo ni ya haki, kwa maana upasuaji huu ni miongoni mwa tiba zilizofanikiwa zaidi katika historia ya upasuaji wa mifupa. Lakini furaha hiyo hiyo imezaa desturi yenye hatari. Mgonjwa akishapona huacha kurudi kliniki, na kliniki nayo huacha kumtafuta. Pande zote mbili hukubaliana kimya kimya kwamba kisichouma hakina tatizo. Kwa nyonga bandia zinazopandikizwa bila saruji, makubaliano hayo hayana msingi, na gharama yake huja kudaiwa baada ya miaka 10, 15 au 20.

Historia yenyewe inatoa onyo. Mwaka 1962, daktari Mwingereza John Charnley alianza kutumia nyonga yenye kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki ya polietilini, vyote vikishikizwa kwenye mfupa kwa saruji maalumu. Kazi yake iliwarudishia watu wengi uwezo wa kutembea. Miaka ilipopita, madaktari waliona katika picha za eksirei kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mfupa ulikuwa ukiliwa kandokando ya kiungo. Lawama ikaangukia saruji, na hali hiyo ikaitwa “ugonjwa wa saruji”. Ndipo viungo visivyohitaji saruji vilipopata umaarufu mkubwa, kwa tumaini kwamba saruji ikiondoka, ugonjwa nao utaondoka. Haikuwa hivyo. Matundu yale yale yalionekana pia kwa wagonjwa ambao hawakuwahi kuwekewa saruji. Mshitakiwa mkuu alikuwa plastiki inayosagika.

Ili kuelewa kinachotokea, ni vyema kujua namna kiungo kisicho na saruji kinavyoshika. Shina linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja, pamoja na kikombe kinachokaa kwenye fupanyonga, hutengenezwa kwa madini, mara nyingi titani, na uso wake huachwa na vinyweleo vidogo au hupakwa chumvi ya kalsiamu inayofanana na ile ya mfupa. Daktari hukibana kwa nguvu mahali pake. Kikitulia, mfupa hai huota na kuingia katika vinyweleo hivyo kwa muda wa majuma na miezi. Kikichezacheza mno, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, badala ya mfupa huota utando laini usioweza kukishika. Ndiyo sababu mgonjwa huelekezwa kwa makini kuhusu magongo na uzito wa kukanyagia katika majuma ya mwanzo.

Baada ya kushikana, mfupa haukomi kubadilika. Julius Wolff, daktari Mjerumani, alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ukitumika huimarika, usipotumika hupungua. Shina la madini ni gumu kuliko mfupa mara kadhaa, kwa hiyo hubeba sehemu ya mzigo uliokuwa ukibebwa na sehemu ya juu ya mfupa wa paja na kuupeleka chini. Sehemu ya juu, hasa upande wa ndani, hujikuta haina kazi, nayo hupungua uzito. Upungufu huo huwa mkubwa zaidi katika mwaka wa kwanza au miwili, na katika eneo hilo unaweza kufikia asilimia 20 na hata zaidi. Kisha kasi yake hushuka sana. Wakati huo huo, mfupa ulio karibu na ncha ya shina unaweza kunenepa kwa sababu sasa ndio unaobeba mzigo.

Mabadiliko hayo ni maafikiano kati ya mfupa hai na kitu kigumu kilichohamia ndani yake. Mara nyingi hayamletei mgonjwa maumivu, wala peke yake hayalegezi kiungo. Yana umuhimu mgonjwa anapoanguka, kwa kuwa mfupa mwembamba huvunjika kwa urahisi, na yana umuhimu siku kiungo kitakapohitaji kubadilishwa, kwa kuwa daktari atakuta mfupa mchache wa kujengea.

Mabadiliko ya pili ni ya namna nyingine kabisa. Kichwa cha nyonga kinapozunguka ndani ya bitana ya plastiki, kila hatua husaga vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli za ulinzi wa mwili huvimeza, lakini haziwezi kuvimeng’enya. Kwa kuhangaika nazo, seli hizo hutoa ishara zinazoziamsha seli zenye kazi ya kuvunja mfupa. Matokeo yake ni matundu ambayo hukua polepole nyuma ya kikombe au kando ya shina, na hayana mpaka wa kusimamia kama ule upungufu wa kwanza. Plastiki iliyoimarishwa, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, imepunguza sana usagikaji huu. Hata hivyo, haijaufuta, na wapo wagonjwa wengi wanaotembea na bitana za zamani.

Jambo la kutisha zaidi kuhusu matundu hayo ni kwamba hayaumi. Kikombe kinaweza kuendelea kushikiliwa na mfupa uliobaki huku nyuma yake kukiwa na shimo kubwa, na mgonjwa akaenda shambani na sokoni kama kawaida. Maumivu huja kiungo kinapolegea au mfupa unapovunjika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na ni nadra methali hiyo kufaa mahali kama hapa.

Tofauti kati ya kugundua mapema na kugundua kwa kuchelewa ni kubwa. Tundu likionekana wakati kikombe bado kimeshika, mara nyingi inatosha kubadilisha bitana na kichwa, na kujaza tundu kwa mfupa wa kupandikiza. Likionekana baada ya kiungo kulegea au mfupa kuvunjika, mgonjwa anahitaji upasuaji mrefu, viungo maalumu vya bei kubwa, damu nyingi zaidi na miezi mingi ya kupona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na katika Afrika Mashariki ukuta huo hujengwa katika hospitali chache tu.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo letu. Katika nchi tajiri, wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee wenye viungo vilivyolika kwa umri. Huku, pamoja na wazee hao, wapo vijana ambao kichwa cha mfupa wa paja kilikufa kwa kukosa damu, wakiwemo wenye ugonjwa wa selimundu. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kijana wa miaka 30 hupewa kiungo kisicho na saruji kwa sababu nzuri: ana miaka mingi mbele yake. Lakini miaka mingi ni hatua nyingi, na hatua nyingi ni usagikaji mwingi. Anayehitaji zaidi kufuatiliwa ndiye mwenye shughuli nyingi, ndiye anayehama mji kutafuta kazi, na ndiye wa kwanza kupotea katika orodha ya kliniki.

Wapo wanaosema kwamba ufuatiliaji wa maisha yote ni anasa: nauli ni ghali, foleni ni ndefu, na madaktari bingwa ni wachache. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inadhani kwamba ufuatiliaji lazima ufanywe na bingwa kila mara. Kinachohitajika kwanza ni picha ya eksirei ya nyonga, ambayo hospitali nyingi za wilaya zinaweza kuipiga, na mtu wa kuilinganisha na picha ya zamani. Mionzi ya picha hiyo ni pungufu ya ile ya asili ambayo kila mtu huipata kwa mwaka. Wala kuweka kumbukumbu si kazi ya nchi tajiri pekee. Sweden ilianzisha daftari la taifa la nyonga bandia mwaka 1979, lakini Malawi nayo ilianzisha la kwake mwaka 2005.

Neno “kulinganisha” ndilo kiini cha jambo lote. Picha moja peke yake hudanganya kwa njia mbili. Mhudumu asiyezoea anaweza kuona mfupa mwembamba juu ya shina akamtia mgonjwa hofu bure; mwingine anaweza kuona tundu dogo nyuma ya kikombe akalidhania kivuli. Mwaka 1979, Thomas Gruen na wenzake waliugawa mfupa unaolizunguka shina katika kanda saba, ili kila eneo lisomwe kwa zamu. Kwa kuzipitia kanda hizo katika picha mbili zilizopigwa miaka tofauti, mhudumu huweza kuuliza maswali matatu: je, shina limezama? Je, tundu limekua? Je, kichwa bado kiko katikati ya kikombe, au kimepanda kwa sababu plastiki imelika?

Kwa hiyo hospitali inayopandikiza nyonga haina budi kumkabidhi mgonjwa, siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani, vitu viwili: picha ya kwanza ya nyonga yake mpya, na kadi yenye aina na ukubwa wa kiungo, kwa kubandika nakala ya lebo zinazotoka kwenye boksi lake. Bila kadi hiyo, daktari wa miaka 15 baadaye hatajua ni bitana ipi itakayoingia katika kikombe kilichopo. Ratiba ya kiasi ingekuwa picha baada ya mwaka 1, kisha wa 5, kisha wa 10, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2 au 3. Mara nyingi zaidi kwa vijana na kwa wenye bitana za zamani.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aitunze bahasha ya picha zake kama anavyotunza hati ya kiwanja. Aendelee kutembea, kwa kuwa mfupa hupenda kazi, na aache sigara. Asisubiri tarehe ya kliniki endapo atapata maumivu mapya ya kinena au ya paja, hasa katika hatua za kwanza anapoinuka kitini, au akiona mguu umefupika. Na asipoona lolote kati ya hayo, bado aende tarehe ikifika. Kiungo kilichompa miaka ya kutembea kinastahili kupigwa picha mara moja moja, hata kama hakilalamiki.