Mtoto Asiyetulia Darasani



Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya zetu za hapa Songea alitufikia ofisini akiwa na daftari la mwanawe wa darasa la tatu. Kurasa za mwanzo zilikuwa nadhifu. Zilizofuata zilijaa sentensi zilizoishia njiani na picha za pikipiki. "Padre," alisema, "huyu nimeamua kumfundisha mwenyewe nyumbani. Shuleni anaambulia viboko tu."

Hatukuwa na jibu la haraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu na katekista ni wasaidizi wao. Mama yule, basi, hakudai kisicho chake.

Wala hakuwa akimtetea mtoto mtundu. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kabisa kujizuia. Leo tatizo la kutotulia na kukosa umakini hukadiriwa kuwapata watoto wapatao 5 katika kila 100 duniani. Katika darasa la watoto 80, ambalo kwetu si jambo la ajabu, huenda wamo wanne. Halitokani na malezi mabaya wala na mapepo, na aghalabu hurithiwa. Baadhi ya akina baba wanaolalamika wangewauliza kwanza bibi wa watoto hao.

Hata hivyo tulimsihi mama asimtoe mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka saba na kuhakikisha anahudhuria hadi amalize. Lakini zaidi ya sheria kuna maisha. Msimu wa kilimo mama huyo hutoka alfajiri na kurudi jioni. Nani atakaa na mtoto na daftari? Watu hupenda kumtaja Thomas Edison, ambaye mama yake, Nancy, alimfundisha nyumbani huko Michigan baada ya mwalimu kumwona hana akili. Husahau kwamba Nancy mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mwalimu.

Kumwambia mzazi asimtoe mtoto, kisha tukanyamaza, kungekuwa unafiki. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa ya nidhamu, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kushindwa kumaliza kunakili ubaoni si kosa la namna hiyo. Mzazi anaweza kwenda kuuliza kwa adabu, na asipothubutu peke yake, viongozi wa jumuiya wamsindikize. Aombe pia mtoto akae mbele, mbali na dirisha, na apewe kazi moja moja badala ya tatu kwa mkupuo. Mwalimu mwenye watoto 80 hatuwezi kumdai miujiza, lakini hayo hayahitaji fedha.

Shule ya nyumbani tunayoitetea ni ya jioni: dakika 10 za kusoma, kisha akachote maji au akawafungie kuku, kisha dakika 10 za hesabu kwa punje za mahindi. Kaka au dada aliyefika sekondari anaweza kuisimamia. Anayefanya vizuri asifiwe papo hapo, si mwisho wa muhula.

Tunakiri pia jambo lililotuuma wakati mama akizungumza. Mtoto huyo tulikuwa tukimfahamu. Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tulikuwa tumemtoa nje mara mbili, apige magoti kwenye kokoto kwa sababu aliwasumbua wenzake. Tulimwomba mama msamaha, na Jumamosi iliyofuata tukamwomba mtoto pia.

Sasa anakaa kiti cha mbele, na katekista humtuma kugawa vitabu, kufuta ubao na kugonga kengele ya mapumziko. Jumamosi iliyopita aliinuka mara sita. Mara nne alikuwa ametumwa.