Usinunue difu kabla ya kusikiliza gari

Mjomba wangu ana Datsun 240Z, ile ya pua ndefu. Hata kama hujali magari, umeisikia kwa wazee: ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1971 ikiwa na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ya mjomba haijashinda chochote. Inapanda Waiyaki Way Jumapili na kurudi, basi.

Mwaka jana ikaanza kugonga. Ukiachilia klachi, ngo! Ukitoa mguu kwa mafuta, ngo! tena. Tukaipeleka duka moja la spea tao. Jamaa hakuinama hata kidogo. "Hiyo ni difu. Sh80,000 nakupatia nyingine." Mjomba akaanza kuhesabu, na mimi nilijua pesa anayohesabu ni karo ya binamu yangu wa kidato cha tatu. Manze, mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nikamwambia twende kwanza Kangemi, kuna fundi mzee namjua.

Mzee akasema kuangalia tu ni Sh1,500. Mjomba nusura ageuze gari.

Hapo ndipo nina neno na wewe. Kila siku tunalia kwamba mafundi wanabahatisha, wanabadilisha spea moja baada ya nyingine kwa pesa yetu. Lakini fundi akitaka alipwe kwa kufikiria, tunamwona mwizi. "Si ni kuangalia tu!" Sasa yeye ataishi kwa nini? Atakuuzia difu, bana.

Mzee alifanya hivi. Gari likiwa limesimama bila gia, akakanyaga mafuta: kimya. Basi injini haina kosa. Akaliendesha polepole akisikiliza. Kelele inayokwenda tik-tik-tik kufuata mwendo wa magurudumu mara nyingi ni jointi, zile zenye kipande cha msalaba ndani. Mgongo mmoja mzito wakati wa kukanyaga au kuachilia mafuta unamaanisha kuna kitu kimelegea mahali. Difu yenyewe ikifa huwa inavuma, na ukimwaga oili yake unaweza kukuta chembe za chuma. Ya mjomba haikuvuma, na oili ilikuwa safi.

Kisha akaweka mawe kwa magurudumu ya mbele, akainua nyuma na kuweka stendi (jeki peke yake usiiamini, hata kama una haraka). Akashika shafti kila upande wa jointi na kuzungusha kinyume. Ya kulia ilicheza mkononi na ilikuwa na unga mwekundu wa kutu, yaani grisi iliisha kitambo. Hilo si jambo la kucheka, kwa sababu jointi ikikatika barabarani shafti inabaki ikichapa chini ya gari. Mwisho akaingiza mtaimbo chini ya pua ya difu na kuisukuma juu. Ikainuka peke yake. Raba ya mauntingi ilikuwa imepasuka vipande viwili, kwa hivyo kila ukikanyaga mafuta difu inaruka na kugonga chuma.

Difu ilikuwa nzima! Raba, jointi moja na kazi yake havikufika Sh12,000, pamoja na zile Sh1,500 zilizokuwa zimemuuma mjomba.

Utaniambia si kila mzee wa mtaani anajua, na ni kweli. Muulize kabla hajagusa gari: utajuaje si injini? Akikujibu kwa bei, washa gari uende.

Binamu yuko shuleni. Jointi ya kushoto bado haijabadilishwa, nayo imeanza kulegea. Mjomba anasema tungoje mwisho wa mwezi. Mimi nimekataa kuketi ndani akipita kilomita hamsini kwa saa.