Tundu dogo, ushuru mkubwa: Katriji za sigara za kielektroniki na mfanyabiashara wa Bujumbura

BUJUMBURA – Bidhaa ndogo kuliko kidole imekuwa ikiwasumbua maofisa wa forodha, mawakala na wafanyabiashara wa ukanda huu kwa zaidi ya miaka kumi. Ni katriji ya sigara ya kielektroniki, hasa ile iliyotobolewa tundu ili ikae ndani ya tanki la kimiminika. Tundu lenyewe halizidi milimita mbili. Hata hivyo, linaweza kuamua iwapo mzigo utalipiwa ushuru kama sehemu ya kifaa cha umeme, kama bidhaa ya nikotini, au iwapo utazuiwa kabisa mpakani.

Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura suala hili lina uzito wa pekee. Dola ni adimu hapa. Faranga ilishushwa thamani Mei 2023, na aliyetafuta dola zake kwa taabu hana namna rahisi ya kuzipata tena mzigo ukitaifishwa njiani. Kabla ya kuagiza katoni moja ya vifaa hivi ni vyema kuelewa vinavyofanya kazi, kwa sababu sheria za ushuru zimefuata mabadiliko ya kifaa chenyewe.

Tundu linafanya kazi gani

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa nchini China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003, na hadi leo viwanda vya Shenzhen ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya vifaa vinavyouzwa duniani. Miaka ya mwanzo mtumiaji alinunua betri na katriji. Katriji iliyoenea kuanzia mwaka 2009 na 2010 ilikuwa bomba jembamba la chuma lenye waya wa kupashia moto katikati, ukiwa umezungushiwa pamba ya poliesta iliyolowa kimiminika cha nikotini. Ilibeba mililita moja hivi, ikiisha inatupwa.

Watumiaji waliona hasara. Waya ulikuwa bado mzima, kilichokwisha ni kimiminika tu. Ndipo likaja wazo la kupitisha katriji hiyo katikati ya tanki dogo la plastiki au kioo, lenye pete za mpira juu na chini, na kutoboa tundu kwenye ukuta wa chuma. Kimiminika kinapenya tunduni na kuilowesha pamba kadiri inavyokauka. Hewa iliyobaki juu ya tanki hupungua nguvu kila kimiminika kinaposhuka, na ndiyo inayozuia tanki lote lisimwagike ndani ya katriji kwa mara moja. Tanki la aina hiyo lilibeba mililita tatu hadi sita.

Kazi yenyewe ina masharti yake. Tundu likiwa dogo mno pamba inakauka na kuungua, mtumiaji anavuta moshi wa plastiki. Likiwa kubwa mno kimiminika kinafurika na kuvuja kupitia upande wa betri. Likitobolewa juu, kimiminika kikishuka chini yake halifanyi kazi tena, ndiyo maana hutobolewa karibu na chini. Anayetumia dirili badala ya kifaa maalumu cha kutobolea huacha vumbi la chuma ndani ya pamba, na vumbi hilo liko njiani kuelekea mapafuni. Baadaye viwanda vilianza kuuza katriji zilizokwisha kutobolewa, kisha matanki yenye koili za kubadilisha, na katika miaka ya karibuni vifaa vya kutumia mara moja na kutupa.

Ushuru wa Kenya ulivyokimbizana na tundu

Kenya ndiyo nchi ya ukanda wetu inayotoa somo lililo wazi zaidi. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka shilingi 3,000 kwa kila sigara ya kielektroniki na shilingi 2,000 kwa kila katriji. Kipimo kilikuwa idadi, si ujazo. Aliyeandika kipengele hicho alifikiria katriji ya kutupa, ambayo idadi yake inakwenda sambamba na nikotini inayotumika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Katriji iliyofungwa yenye mililita moja inalipiwa shilingi 2,000, hivyo kila mililita inabeba shilingi 2,000 za ushuru. Katriji hiyo hiyo ikitobolewa na kuwekwa ndani ya tanki la mililita tano, na tanki likajazwa mara nne kabla ya waya kuchoka, imepitisha mililita 20. Ushuru wa katriji umeshuka hadi shilingi 100 kwa mililita. Bidhaa ni ile ile, ushuru kwenye karatasi ni ule ule, lakini mzigo wa kodi kwa kila mililita umepungua mara ishirini.

Katika uchumi hili si jambo geni. Ukitoza kodi kwa chupa, watu watatengeneza chupa kubwa. Ukitoza kwa katriji, watu watairefushia maisha. Mwenye hasara ni mfanyabiashara anayeuza katriji zilizofungwa, kwa sababu anashindana na mtu anayelipa sehemu ndogo ya ushuru wake bila kuvunja sheria yoyote.

Serikali ya Nairobi ilifika huko. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka ushuru wa shilingi 70 kwa kila mililita ya nikotini ya kimiminika kwa ajili ya sigara za kielektroniki. Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yakapandisha kiwango hicho hadi shilingi 100. Kwa hiyo chupa ya mililita 10 ilibeba shilingi 700, kisha shilingi 1,000. Ushuru umehama kutoka chumani kwenda kwenye kimiminika, na tundu limepoteza faida yake ya kikodi.

Forodha inasoma nini kwenye katoni

Mabadiliko kama hayo yametokea pia katika namba za forodha. Hadi mwisho wa mwaka 2021 bidhaa hizi hazikuwa na mahali pake, kila nchi iliziweka ilipoona panafaa. Toleo la mwaka 2022 la mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, lililoanza Januari 1 mwaka huo, lilizipa namba zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliingiza toleo hilo katika ushuru wake wa pamoja kuanzia Julai 2022, sambamba na ngazi nne za ushuru za asilimia 0, 10, 25 na 35.

Kifaa kinachojazwa tena kinaingia 8543.40. Kimiminika au katriji iliyojazwa nikotini inaingia 2404.12. Kifaa cha kutumia mara moja, kilichokuja na kimiminika chake ndani, nacho kinahesabiwa chini ya 2404 kwa sababu kinachouzwa hasa ni nikotini. Katriji tupu, iwe imetobolewa au haijatobolewa, ni sehemu ya kifaa, na sehemu huwekwa 8543.90.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ankara inayosema tu "vifaa vya sigara za umeme, katoni 5" inamwachia ofisa wa Mamlaka ya Mapato ya Burundi (OBR) achague namba mwenyewe, na hana sababu ya kuchagua iliyo nafuu kwako. Tenganisha ankara: vifaa peke yake, sehemu tupu peke yake, kimiminika peke yake kikiwa na idadi ya mililita na kiwango cha nikotini kwa kila mililita. Mchanganyiko ndani ya katoni moja huleta ukaguzi wa mkono, na kila siku lori linalosimama ni gharama.

Kosa jingine ni la wafanyabiashara wadogo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya. Kifaa cha Shenzhen kilichonunuliwa dukani Nairobi hakigeuki kuwa cha Kenya kwa sababu ya risiti. Isitoshe, bei ya dukani imekwisha kubeba ushuru wa Kenya, na mnunuzi wa mkobani hana njia rahisi ya kuurudishiwa. Anayeuza Bujumbura mzigo wa namna hiyo analipa kodi mara mbili na kushangaa kwa nini hapati faida. Mzigo mkubwa unaopita Mombasa au Dar es Salaam kama mzigo wa kwenda nchi nyingine, chini ya dhamana ya forodha, hauna tatizo hilo.

Njia ni muhimu kuliko bei

Kwa wasafirishaji, hatari kubwa zaidi iko Uganda. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya nchi hiyo ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za kielektroniki. Si suala la kulipa ushuru zaidi, ni bidhaa haramu. Ethiopia nayo ilipiga marufuku mwaka 2019.

Malori ya Bujumbura yaliyozoea kutoka Mombasa kupitia Malaba na Kigali yalipata pigo jingine Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Uzito ulihamia njia zinazopita Tanzania hadi Kabanga na Kobero. Aliye na mzigo huu Mombasa ana sababu mbili za kupita Taveta na Holili badala ya Malaba. Anayesisitiza kupita Uganda apate kwanza jibu la maandishi kutoka kwa wakala wake wa forodha, kabla injini haijawashwa. Dereva asikubali kubeba katoni za "vipuri vya simu" asizoruhusiwa kuzifungua, maana zikikamatwa yeye ndiye wa kwanza kuhojiwa.

Kuna pia jambo la milima. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, lakini barabara ya kushukia Bujumbura hupanda kwanza zaidi ya mita 2,000 kabla ya kuteremka ziwani. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Hewa iliyofungiwa ndani ya tanki lililojazwa nusu hutanuka na kukisukuma kimiminika nje kupitia lile lile tundu. Mzigo unafika umelowa, na nikotini ni sumu inayopenya kwenye ngozi. Matanki yasafirishwe matupu, kimiminika kwenye chupa zilizofungwa kiwandani, na wapakuzi wavae glavu.

Betri nazo zina kanuni zake. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na sigara ya kielektroniki hairuhusiwi kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Anayetegemea ndugu wa kutoka Dubai amletee vifaa kumi begini hadi uwanja wa Melchior Ndadaye anamweka ndugu huyo matatani.

Nini cha kutazama

Soko la Ulaya linabadilika. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mililita mbili kwa tanki na miligramu 20 za nikotini kwa mililita kuanzia Mei 2016. Ubelgiji ilipiga marufuku vifaa vya kutupa Januari 2025, Uingereza ikafuata Juni 2025. Viwanda vilivyotengeneza kwa ajili ya masoko hayo vitatafuta wanunuzi kwingine, na bei ya kutupa itawavutia waagizaji wetu. Bei hiyo isomwe kwa tahadhari. Nikotini ina uraibu, wanunuzi wengi wa vifaa vya rangi na ladha ya matunda ni vijana, na Burundi iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2005. Serikali ikiamua kufuata njia ya Kampala, bidhaa iliyo ghalani itakuwa haina mnunuzi halali.

Kwa hiyo anayeingia katika biashara hii aingie na mzigo mdogo, unaozunguka haraka, wenye karatasi zinazotaja kila mililita. Nairobi imekwisha kuhamishia ushuru kwenye kimiminika, na nchi nyingine ya ukanda itakayotaka kodi ya nikotini ina mfano wa kuiga. Faida iliyotegemea idadi ya katriji au ukubwa wa tundu si ya kuwekea mtaji wa dola.