Tumaini Lililopigwa Chapa Juu ya Shaba

Philadelphia, Marekani

Ndugu zangu wa Kilwa na wa mwambao wote,

Lililonisukuma kuandika ni kauli ambayo watu wa nchi hii huishika mkononi kutwa, wengi wao pasina kuisoma: kwamba wao wanamtumaini Mungu.

Asili yake ni vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1861 kasisi mmoja wa Pennsylvania, Watkinson, alimwandikia Salmon Chase, waziri wa hazina, akitaka Mwenyezi Mungu akumbukwe katika sarafu za taifa. Ombi likakubaliwa, na mwaka 1864 kauli hiyo ikatokea mara ya kwanza juu ya sarafu ya senti 2, iliyopigwa katika mji huu huu niishio. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliiacha katika sarafu mpya za dhahabu, akiona kuwa jina tukufu halistahiki kutembezwa hivyo sokoni, lakini Bunge likairudisha mwaka uliofuata. Na mwaka 1955, wakati wa uhasama wao na Warusi waliokana dini, sheria ikaifaradhisha juu ya sarafu na noti zote.

Kwetu jambo hili ni la kale zaidi. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyejenga kasri la Husuni Kubwa, na ambaye msafiri Ibn Battuta alimzuru mwaka 1331 akausifu ukarimu wake, alipiga sarafu ndogo za shaba zilizobeba jina lake upande mmoja, na upande wa pili, kwa Kiarabu chenye kina kimoja na jina hilo, ungamo kuwa anamtegemea Mola Mmoja, Mwingi wa kuneemesha. Kauli ya Marekani husema kwa niaba ya umma mzima, walioamini na wasioamini. Ya Kilwa ilimfunga mtawala mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya raia zake, na kwa sababu hiyo naiona kuwa ndiyo adilifu zaidi.

Basi nawasihi, ndugu zangu: atakayeokota sarafu hizo ufukweni au magofuni asimuuzie mpita njia, bali azifikishe kwa wahifadhi wa mambo ya kale, akieleza mahali hasa alipoziona, kwani sarafu isiyojulikana ilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Na walimu wawasomee watoto maandishi yake, wapate kujua wazee wao waliandika nini juu ya mali yao.

Wasalaam,
Ndugu yenu aliye ughaibuni